Friji la Chumba cha Uani

Mkuu wa kituo alikuwa ameshaimaliza kesi kabla chai yake haijapoa. Mpangaji wa chumba cha uani, mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Cherehani, amekufa kwa kupigwa na umeme akifungua friji kuukuu. Friji hilo, kwa maelezo ya mwenye nyumba, limenunuliwa kwa Fundi Baridi. Karakana ya Fundi Baridi imekutwa imejaa mafriji yenye stika ya njano ya ule mpango wa kubadilisha mafriji, yaani yale ambayo watu waliyatoa ili wapate mapya yasiyofuja umeme, na ambayo yalitakiwa yapondwe yawe chuma chakavu. Kwa hiyo Fundi Baridi anaiba mafriji yaliyokwisha kuhukumiwa, anayafufua, anayauza, na safari hii moja limeua. Kesho asubuhi atapandishwa kizimbani kwa kusababisha kifo. Kilichobaki, alisema Mkuu, ni Inspekta apite nyumba ile mara ya mwisho, aweke nukta.

Inspekta hakuwa mtu wa kuweka nukta za kuagizwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mtaratibu, mwenye tabia ya kuuliza swali lile lile mara mbili kama aliyesahau, na wenzake kituoni walikuwa wamechoka kugundua kwamba hasahau kitu. Badala ya kwenda moja kwa moja kwenye ile nyumba, alipitia kwanza mahabusu.

Fundi Baridi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono yake mikubwa imelala mapajani haina la kufanya. Alirudia yale yale ya jana. Ni kweli alimuuzia kitu mwenye nyumba yule, tena kwa bei ya kutupa, lakini halikuwa friji.

"Lilikuwa ganda, afande. Mlango na mbavu. Halina mota, halina gesi, halina hata waya. Alisema anataka kabati la kuwekea vifaa vyake."

"Na wewe uliyapata wapi hayo maganda?"

"Yadi. Wanayauza wenyewe wakishatoa vya ndani. Mkuu wenu aliona stika tu, hata mlango mmoja hakuufungua."

Inspekta akamuuliza tena, kwa maneno mengine, aliuza nini. Akajibiwa vile vile. Kisha Fundi Baridi akasema jambo ambalo jana hakulisema. Alisema kifungo anaweza kukimaliza, watu wanafungwa na wanatoka. Lakini fundi aliyeandikwa kwamba friji lake limeua mtu, nani atampa tena chombo chake akitengeneze? Alilisema bila kulia, na Inspekta, ambaye kazini alijizuia kumwonea mtu huruma kabla ya kumaliza maswali, alimwonea.

Yadi ilikuwa nyuma ya maghala ya mbao. Mafriji, mapasi mazito ya zamani na majiko ya umeme yenye koili nene yalipangwa foleni kama wagonjwa wa zahanati, na mwisho wa foleni mashine ya kuponda ilikuwa inatafuna bila haraka. Msimamizi, mtu mwenye glavu nene zilizochomekwa mkandani, alifurahi kupata wa kumweleza kazi. Alimweleza kwamba friji moja la zamani linaweza kunywa umeme wa mafriji mawili au matatu ya siku hizi, na kwamba ubaya wa watu ni kuchukua jipya na la zamani wakalibakiza kwa ajili ya soda. Hapo umeme haujaokolewa, umeongezewa mlaji. Ndiyo maana sharti la mpango ni moja tu: lete la zamani, zima, linalofanya kazi, ndipo upewe karatasi ya kuchukulia jipya.

Inspekta aliomba aonyeshwe hatua kwa hatua, kuanzia getini. Bahati nzuri mkokoteni ulikuwa unaingia na friji jeupe lenye kutu miguuni. Kabla halijashushwa vizuri, mfanyakazi mmoja alikwenda nyuma yake na koleo, akashika waya pale unapotokea mwilini, akaukata shinani.

"Tunalikata mkia," alisema msimamizi. Zamani, alieleza, friji lilikuwa linaingia kwa geti la mbele na kutokea uzio wa nyuma likiwa zima. Tangu waanze kukata mkia getini, wizi umekufa. Halafu gesi inanyonywa inaingia kwenye mtungi, maana ikiachiwa hewani ina madhara yake, mota inatolewa, shaba inatolewa, ganda linapondwa, au likipata mteja linauzwa. Fundi Baridi? Anamfahamu sana. Mteja wa maganda, huyatengenezea makabati.

Sehemu ya kwanza ya kesi ya Mkuu ikaanguka hapo, lakini Inspekta hakutikisa hata kichwa. Aliuliza jambo dogo: friji likifika, wanajuaje kwamba linafanya kazi?

Msimamizi alipoa kidogo. Kuna soketi getini, alisema, ila ilikufa wakati wa mvua. Foleni nayo ni ndefu. Kwa hiyo wanatazama mlango, wanatazama mkia kama upo, na wanalitikisa kusikia uzito.

"Na hamjawahi kutikiswa ninyi?" akauliza Inspekta.

Msimamizi alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda. Akamvuta pembeni, mbali na wenye mikokoteni, akamsimulia. Lipo moja lilipokelewa, uzito wake mzuri, mkia wake upo, mwenyewe akapewa karatasi yake akaenda zake. Walipoligeuza kutoa mota wakakuta tofali. Tofali la saruji, limevikwa gunia, limefungwa kwa waya mahali pa mota. Wafanyakazi walicheka mpaka wakakaa chini. Baadaye, walipoitazama vizuri stika iliyobanduliwa nusu, waliacha kucheka: lilikuwa ganda lao wenyewe, walilokwisha kuliuza. Kwa nini hakutoa taarifa? Msimamizi alimtazama kama anayeulizwa jambo la kitoto. Nani atakwenda kwa wakubwa kuripoti kwamba ametoa friji jipya akapokea tofali?

Inspekta akamshukuru. Njiani aliliweka jambo hilo sawa kichwani: mtu fulani alinunua ganda, akalitia waya na tofali, akalipeleka yadi kama friji lake zima. Mtu wa namna hiyo, friji lake halisi amelibakiza mahali.

Ile nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu mbele na chumba kimoja uani, kilichogusana na nyumba kwa ukuta mmoja. Mwenye nyumba halisi alikuwa mama mjane, ila mambo yote yaliendeshwa na mwanawe wa kwanza, bwana wa makamo aliyejulikana mtaani kama Bwana Mipango kwa sababu hakukosa mpango. Yeye ndiye aliyemfungulia. Alikuwa amevaa vizuri na jicho lake moja halikutulia.

Chumba cha marehemu kilikuwa kama alivyokiacha. Cherehani dirishani, gauni la mtu bado limebanwa chini ya sindano, upande mmoja umeshonwa na mwingine unasubiri. Beseni na taulo mlangoni. Mtaalamu wa shirika la umeme alikwisha kuandika yake: waya wa ndani ya friji umechubuka na unagusa bati, chumba hakina waya wa kuupeleka umeme ardhini, na mwanamke alikuwa ametoka kuoga, miguu mitupu, sakafu ina maji. Friji lenyewe lilisimama kona, limepakwa rangi ya bluu kwa brashi, na mtu aliyepaka hakuwa mpakaji, maana michirizi ilikauka ikiteremka.

Umeme wa chumba hicho ulikuwa umekatwa. Inspekta alipiga magoti, akamulika nyuma. Mkia wa friji ulikuwepo. Aliufuata kwa vidole kutoka kwenye plagi mpaka mwilini: haukuwa na kiungo wala mkato, na pale ulipoingia kwenye bati ulikuwa umegandana na pete yake ya mpira kwa mafuta ya miaka, yale mafuta meusi ya jikoni yanayonata kama gundi. Rangi ya bluu ilipita juu ya mafuta hayo. Friji hili halikupita geti la yadi hata siku moja. Na kabla ya kuletwa chumbani kwa mshonaji, aliyekuwa akipika nje barazani, lilikaa muda mrefu karibu na jiko la mtu.

Akainuka, akajifuta magoti. Alimuuliza Bwana Mipango alilinunua lini. Miezi miwili baada ya mama kupata jipya, alijibu, ili chumba kiwe na thamani zaidi kwa mpangaji. Inspekta akatazama dirishani, akauliza tena, kama amepitiwa: lini, hivi?

"Miezi miwili baada ya jipya, afande. Kwa Fundi Baridi."

Inspekta akasema angependa kumsalimia mama.

Mama alikuwa jikoni anachambua mboga. Alikuwa na macho makali na miguu iliyovimba kidogo, na alimpokea Inspekta kama anavyopokelewa mgeni yeyote, kwa kumtafutia kiti. Inspekta alimpa pole ya msiba. Mama alisema yule binti alikuwa kama mwanawe, alimshonea magauni yote ya miaka hii, na kila alipotaka kumlipa binti alikataa. Alisema hivyo, akachambua majani kadhaa ambayo yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa.

Wakazungumza habari ya friji jipya, lililosimama karibu na jiko, jeupe, lisilotoa sauti. Zuri, alikiri mama, lakini alidanganywa. Waliwaambia umeme utapungua karibu nusu. Mwanawe ndiye anayenunua umeme, na kila siku ni malalamiko yale yale: unakwisha kama zamani, au hata mapema zaidi.

"Tangu mwanzo, mama? Au tangu liletwe lile la uani?"

"Tangu mwanzo. Sikuona hata wiki moja ya nafuu."

Inspekta akauliza tena, na mama akajibu tena kwamba hata wiki moja. Bwana Mipango, aliyesimama mlangoni, alisema umeme umepanda bei.

Mama akainuka kumpa mgeni maji. Alipofika kwenye friji alishika upindo wa gauni lake, akauzungushia mkononi, ndipo akafungua mlango. Alifanya hivyo bila kutazama, kama mtu anavyopepesa macho. Akamwaga maji kwenye glasi, akafunga kwa upindo ule ule.

"Mama, mbona unalishika hivyo? Ni jipya."

Mama alitazama mkono wake mwenyewe, akatabasamu kwa aibu. Mazoea tu, alisema. Lile la zamani lilikuwa linauma. Linauma vipi? Linakuuma kidogo mkononi, ganzi mpaka kwenye kiwiko, hasa ukiwa huna ndala. Marehemu mumewe ndiye aliyelipatia dawa: alichukua tyubu ya baiskeli, akaikata utepe mrefu, akauzungusha kwenye mshikio kutoka juu mpaka chini. Tangu hapo halikumuuma mtu. Lakini walikwisha kuzoea, kila mmoja na kitambaa chake, na watoto walifundishwa kuvaa ndala kabla ya kufundishwa kuhesabu.

Inspekta alikunywa maji yote. Akaweka glasi chini, akamwambia Bwana Mipango amsindikize uani mara moja, kuna kitu alisahau.

Safari hii hakwenda nyuma ya friji. Alisimama mbele ya mlango wake, akatoa kisu kidogo cha mfukoni, akakwangua rangi kwenye mshikio wa chuma. Bluu ilitoka kirahisi, maana haikushikamana na kilichokuwa chini yake. Chini kulikuwa na mistari myeusi iliyopinda, mmoja baada ya mwingine, ikizunguka mshikio kutoka juu mpaka chini: alama za mpira uliokaa mahali pamoja miaka na miaka na kuyeyukia kwenye chuma.

"Hili ni friji la mama yako," alisema.

Bwana Mipango alisema mafriji ya zamani yanafanana. Inspekta alikubali kwamba yanafanana. Kisha akamweleza, kwa sauti ya mtu anayesoma risiti, juu ya waya ambao haukukatwa, mafuta ya jikoni, umeme ambao haukupungua hata wiki moja kwa sababu mlaji wa zamani hakuondoka, na tofali la saruji lililovikwa gunia. Alipofika kwenye tofali, Bwana Mipango alikaa kwenye kiti cha cherehani.

Mengine yalitoka yenyewe, bila kusukumwa. Hakuona dhambi. Friji lilikuwa linagandisha vizuri, liende likapondwe kwa nini? Chumba chenye friji kinatozwa kodi kubwa zaidi. Mama alikuwa ameridhia litolewe, tena kwa shida, maana lilinunuliwa na baba. Angelikuta uani angedai lirudi jikoni, na mpango mzima ungejulikana. Kwa hiyo alilipaka rangi. Polisi walipomuuliza amelinunua wapi, jina la Fundi Baridi lilikuwa ndilo la karibu mdomoni, kwa kuwa kweli alikuwa amenunua kitu kwake.

"Na mpira?"

Mikono yake ilikuwa inazungusha gurudumu dogo la cherehani, mbele na nyuma.

"Mama angelitambua kwa mpira ule kuliko kwa kitu kingine chochote. Ningelipaka rangi lote halafu niache mpira?"

"Ulijua linauma."

"Nilijua. Yaani, afande, nilijua na sikujua. Sisi nyumbani hatulishiki hivi hivi. Tangu utoto. Hata nilipokuwa nautoa ule mpira nilishika kwa kitambaa, na nilikuwa nimevaa ndala. Haikunijia kichwani kwamba kuna mtu atalishika kwa mkono mtupu."

Inspekta alimwamini, na kumwamini hakukumsaidia Bwana Mipango kitu. Alimweleza kwamba atakwenda naye kituoni, atayarudia hayo mbele ya Mkuu, na kwamba kuna mtu mahabusu ambaye amelala sakafuni kwa sababu jina lake lilikuwa karibu mdomoni.

"Nitasema yote. Ila mama asijue. Tafadhali. Mwambie ni nyaya za ukutani, mwambie chochote."

Mlangoni palikuwa na kivuli. Mama alikuwa amesimama pale, mkono mmoja kwenye mwimo, na haikujulikana amesimama tangu lini. Hakumtazama mwanawe. Alilitazama friji la bluu, kwa utulivu, kama mtu anayemtazama ndugu aliyevaa nguo za kuazima.

"Najua lipo humu tangu usiku wa kwanza," alisema. "Kitanda changu kiko ukuta huu. Likiwaka linakohoa mara mbili, halafu linatulia. Nimelala nalo karibu miaka mingapi? Nitalisahau?"

Bwana Mipango aliinuka kwenye kiti.

"Nikanyamaza," aliendelea mama, sasa akimwambia Inspekta. "Nilijua kijana wangu ana mipango yake. Na nilifurahi, sitakuficha. Likikohoa nalala vizuri. Binti alipokufa nikajiambia, si lenyewe. Lenyewe lina mpira. Mume wangu aliufunga kwa mkono wake."

Alisogea hatua moja ndani, akauona mshikio uliokwanguliwa. Aliutazama kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka bila sauti, na hakuyafuta.

"Na yule fundi nimemwacha ndani," alisema. "Nilijua si yeye aliyeliuza hili."

Inspekta alimwambia, kwa upole, kwamba yeye hana kosa lolote kisheria. Kusikia friji kupitia ukutani si kosa. Maelezo ya mwanawe yanatosha, Fundi Baridi atatoka leo leo, na mama hana haja ya kwenda popote.

Mama alitikisa kichwa.

"Tumeishi ukuta mmoja. Kila asubuhi alikuwa ananiamkia. Ningesema neno moja tu: binti, vaa ndala ukilifungua hilo. Neno moja." Alivuta kiti cha mshonaji, akaketi mbele ya Inspekta, mgongo wima. "Niandike na mimi."

"Mama, hakuna pa kukuandika."

"Tafuta."

Inspekta alimtazama, kisha akapiga simu kituoni. Alimwambia Mkuu amfungulie Fundi Baridi, na kwamba anakuja na watu wawili.